Wimbi Pweke na Nuru Ibadiliyo Rangi

Neno masafa limetutia katika tatizo ambalo wengi wetu hatujalitambua. Asili yake ni umbali: mtu husema kwamba ametembea masafa marefu, au kwamba mji fulani uko masafa ya siku mbili. Redio ilipokuja, watangazaji wakasema "masafa mafupi" na "masafa ya kati", nao walikuwa na haki, kwani walichokuwa wakikitaja ni umbali ulio kati ya kilele kimoja cha wimbi na kilele kinachokifuata. Baadaye neno lilo hilo likatwaliwa litaje pia wingi wa mitetemo katika sekunde moja. Mambo haya mawili huenda kinyume: kadiri wimbi liwavyo fupi, ndivyo mitetemo yake iwavyo mingi. Hivyo mwanafunzi huambiwa kwamba redio ya masafa mafupi ina masafa makubwa, naye hunakili katika daftari lake bila kuuliza, kama tulivyonakili sisi.

Nimeanza na neno hili kwa sababu ndilo lililonikwaza mwanzo nilipojaribu kueleza kwa Kiswahili jambo moja la elimu ya nuru. Huku Uganda, sisi tulioichagua kazi ya kufundisha Kiswahili tumezoea kuambiwa kwamba lugha yetu ni ya kambini na sokoni, ya kuamrishia na ya kupatania bei, na kwamba elimu ya juu ina lugha yake. Mwenzangu mmoja afundishaye fizikia aliniambia hayo kwa upole, kama ampashaye mtu habari za msiba, kisha akatoa mfukoni kalamu ya leza, ile itoayo nuru ya kijani ya kuonyeshea ubaoni. "Mwalimu," akasema, "humu ndani hamna taa ya kijani. Nuru izaliwayo humu haionekani kwa macho. Nieleze kwa Kiswahili, hiki kijani kimetoka wapi? Na ukishaweza hilo, nieleze pia kwa nini kuna mawimbi ambayo hayatawanyiki." Nikamjibu, "Nipe mwezi mmoja, ndugu yangu." Mwezi ukawa miezi mitatu. Yafuatayo ndiyo niliyompelekea, pamoja na machache niliyoyaongeza kwa ajili ya walimu wa lugha. Neno masafa nimeliweka kando. Nitasema urefu wa wimbi na wingi wa mitetemo.

Tuanze na spika ya harusini. Fundi akiifungua kwa kiasi, mwimbaji husikika kama alivyo, ila kwa nguvu zaidi. Akiizidisha, spika huanza kukwaruza. Mkwaruzo ule si kelele tupu. Ndani yake mna sauti ambazo mwimbaji hakuziimba: sauti yenye mitetemo mara mbili ya ile aliyoitoa, na nyingine mara tatu. Utando wa spika umefikishwa mahali ambapo hauwezi tena kwenda mbele na nyuma kwa kadiri unavyosukumwa; msukumo ukiongezwa maradufu, mwendo hauongezeki maradufu. Wazungu huiita hali hii kwa neno lenye maana ya "isiyo ya mstari", kwa kuwa sababu na tokeo zikichorwa katika karatasi ya grafu hazifanyi mstari ulionyooka. Kutafsiri hivyo ni kumchosha bure msikilizaji ambaye grafu haiko mbele yake. Mimi nasema hali isiyo na uwiano, na nadhani yatosha, maana ndilo jambo lenyewe: sababu na tokeo zimeacha kulingana.

Nuru ilidhaniwa kwa karne nyingi kwamba haina tabia hiyo. Miale ya kurunzi mbili ikikatizana gizani, kila mmoja hushika njia yake kana kwamba haukukutana na mwenzake. Nuru nyekundu ikiingia katika kioo cheupe hutoka nyekundu. Sababu ni kwamba nuru tuliyoizoea ni dhaifu mno mbele ya atomu. Nuru ni mtikisiko wa umeme na sumaku. Ile ya jua la adhuhuri huitikisa elektroni kwa nguvu ya umeme isiyofika volti 1,000 kwa mita, hali elektroni ya haidrojeni imeshikwa na kiini chake kwa nguvu ipatayo volti bilioni 500 kwa mita. Ni mbu anayeusukuma mbuyu. Mbuyu hutikisika, tuseme, lakini kwa kiasi kile kile cha msukumo, wala haukwaruzi.

Mambo yalibadilika mwaka 1960, Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza huko California kwa kutumia fimbo ndogo ya yakuti. Leza hutoa nuru ambayo mawimbi yake yote hupanda na kushuka pamoja, na ambayo yaweza kukusanywa katika nukta ndogo kuliko ncha ya sindano. Mwaka uliofuata, katika Chuo Kikuu cha Michigan, Peter Franken na wenzake Alan Hill, Wilbur Peters na Gabriel Weinreich waliielekeza leza ya yakuti katika fuwele ya kwatzi. Nuru iliyoingia ilikuwa nyekundu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 694.3, yaani mitetemo kiasi cha trilioni 432 kwa sekunde. Upande wa pili ilitoka karibu yote vile vile, nyekundu. Lakini katika bamba la picha, mahali pa nanomita 347.2, palikuwa na alama hafifu ya nuru ya urujuanimno, ambayo mitetemo yake ni maradufu kamili ya ile ya kwanza. Elektroni za kwatzi zilikuwa zimekwaruza.

Hapo pana kisa kinachosimuliwa sana miongoni mwa wanafizikia. Picha ya bamba lile ilipochapishwa katika jarida mwezi wa Agosti 1961, palikuwa na mshale ulioelekea ile alama, lakini alama yenyewe haikuwapo. Yasemekana mtu wa matbaa aliiona akaidhani ni doa la uchafu, akaisafisha. Mimi niliyewahi kusahihisha rundo la insha usiku kwa taa ya chemli namwelewa sana mtu yule.

Fuwele si lazima iwe kwatzi, lakini haiwezi kuwa kitu chochote. Katika kioo cha kawaida atomu zimekaa ovyo, kwa hiyo elektroni huvutwa sawasawa kulia na kushoto, nayo mitetemo ya mara mbili haipatikani. Katika kwatzi upande mmoja si sawa na wa pili. Zaidi ya hayo kuna taabu nyingine, na hii ndiyo iliyofanya alama ya Franken iwe hafifu. Nuru nyekundu na nuru ya urujuanimno haziendi kwa mwendo mmoja ndani ya fuwele. Kila mahali njiani nyekundu huzaa urujuanimno kidogo. Lakini iliyozaliwa mwanzoni huachwa nyuma na mama yake, hata baada ya sehemu ndogo ya milimita huwa inapanda wakati iliyozaliwa sasa hivi inashuka, nazo huuana. Wavuvi wakivuta mashua nchi kavu, kila mmoja akavuta kwa wakati wake, mashua haiendi. Lazima mmoja aimbe na wengine waitikie, wote wavute kwa neno moja. Dawa ilipatikana mwaka 1962: ziko fuwele ambazo mwendo wa nuru ndani yake hutegemea upande ambao nuru hutikisikia, na fuwele kama hiyo ikikatwa kwa pembe iliyopimwa vema, rangi zote mbili huenda sambamba. Tangu hapo ule uzao hafifu ukawa mkubwa, hata sehemu kubwa ya nuru yaweza kubadilishwa rangi.

Basi kalamu ya mwenzangu ni hivi. Ndani mna chombo kidogo kitoacho nuru isiyoonekana ya nanomita 808. Nuru hiyo huamsha fuwele ya kwanza, nayo hutoa nuru nyingine isiyoonekana, ya nanomita 1,064. Hii hupita katika fuwele ya pili, na humo chembe mbili za nuru huungana zikawa moja, yenye mitetemo maradufu na urefu wa wimbi nusu: nanomita 532, kijani kibichi. Hapa natoka kidogo nje ya mada, kwa sababu watoto wetu huzinunua kalamu hizi barabarani kama vitu vya kuchezea. Nuru mama haiishi yote katika kuzaa. Inayobaki yapasa kuzuiwa na kichujio, na zile za bei rahisi mara nyingine hazinacho. Mwaka 2010 watafiti wa taasisi ya viwango ya Marekani walieleza habari za kalamu moja ambayo kijani chake kilikuwa hafifu, huku ikimwaga nuru isiyoonekana iliyo kali. Jicho hupepesa likiona kijani, lisichokiona halikikimbii.

Swali la kwanza la mwenzangu lilikuwa limekwisha. La pili lilinipeleka mbali na leza, hadi katika mfereji wa maji huko Uskoti, nami namwomba msomaji avumilie safari hiyo, kwani nuru ataikuta tena mwishoni mwake.

Mwezi wa Agosti 1834 mhandisi kijana aitwaye John Scott Russell, wa miaka 26, alikuwa akitazama mwendo wa mashua katika mfereji uitwao Union Canal, karibu na Edinburgh. Mashua ilikuwa ikivutwa na farasi wawili waliokwenda ukingoni. Ghafla ikasimama. Maji yaliyokuwa yakisukumwa nayo hayakusimama: yalikusanyika penye omo yakichafuka, kisha yakaiacha mashua nyuma na kwenda mbele peke yao, yakiwa kilima kimoja laini cha mviringo, chenye urefu wa futi zipatazo 30 na kimo cha futi moja au moja na nusu. Russell alipanda farasi akakifuata. Kilikwenda maili nane au tisa kwa saa, wala hakikubadili sura. Kimo chake kilipungua polepole tu, na baada ya maili moja au mbili kikampotea katika mikondo ya mfereji.

Atakayeuliza ajabu iko wapi, na ajaribu kutupa jiwe katika ziwa. Wimbi halikai moja. Huwa pete, na pete huzaa pete, na zote hupungua zikienea. Hata katika mfereji mwembamba, ambamo hapana nafasi ya kuenea pembeni, rundo la maji lingetazamiwa kutawanyika, kwa kuwa ndani yake mna mawimbi marefu na mafupi, nayo hayaendi kwa mwendo mmoja. Marefu hutangulia, mafupi huchelewa, rundo hutandazika hata likatoweka. Huo ndio mtawanyiko. (Walimu wa kandokando ya Ziwa Victoria wasiwaambie watoto kwamba wimbi la nyuma ya mtumbwi wa injini ndilo alilolifuata Russell. Ziwa ni pana na lina kina kirefu. Wimbi lile lilihitaji maji ya kina kifupi na kuta mbili.)

Russell alijijengea hodhi akalizalisha wimbi lake mara nyingi. Akaona kwamba lililo refu kwa kimo huenda kasi kuliko lililo fupi, akapata na hesabu ya mwendo wake, ambayo hata leo inafaa. Taarifa yake aliitoa mbele ya wataalamu wa Uingereza mwaka 1844. Wakubwa wa elimu hawakuikubali. George Airy, mnajimu wa Mfalme wa nchi ile, aliona kwamba hesabu za mawimbi hazikuwa na nafasi ya kitu kama hicho. George Stokes naye alitia shaka. Kosa halikuwa la macho ya Russell wala la akili zao. Waliyapima mawili yasiyotenganika kwa kuyatenganisha: mmoja alihesabu wimbi kubwa bila kujali mtawanyiko, mwingine akahesabu mtawanyiko wa mawimbi madogo. Joseph Boussinesq wa Ufaransa aliyaunganisha mwaka 1871, na mwaka 1895 Waholanzi wawili, Diederik Korteweg na mwanafunzi wake Gustav de Vries, wakaandika mlingano ambao hadi leo huitwa kwa majina yao. Russell alikuwa amekufa mwaka 1882. Na huyo de Vries, walimu wenzangu, alikuwa mmoja wetu: alifundisha miaka mingi katika shule ya sekondari mjini Haarlem.

Mlingano wao husema hivi kwa maneno ya kawaida. Kilele cha kilima cha maji, kwa sababu kiko juu, hutaka kwenda kasi kuliko miguu yake. Kingeachiwa kingeupita mguu wa mbele na kuanguka, kama wimbi livunjikavyo ufukweni. Hiyo ni kazi ya kukosa uwiano. Mtawanyiko nao hutaka kukitandaza. Kwa kimo fulani na upana fulani, kile kinachokusanya na kile kinachotawanya hutoshana nguvu, nalo wimbi huenda likiwa lile lile.

Kwa jambo hili nimechagua kusema wimbi pweke, nalo ni neno jema, lakini halimalizi kazi. Mwaka 1965 Norman Zabusky na Martin Kruskal huko Marekani walitumia kompyuta kuyafuata mawimbi mapweke yanayokimbizana. Lililo kubwa lilimfikia dogo, wakaingiana, hesabu ikachafuka. Kisha kila moja likatoka upande wa pili likiwa na sura yake na mwendo wake wa awali, ila mahali lilipo palikuwa pamesogea kidogo, kana kwamba walisukumana mlangoni. Kitu kinachokutana na mwenzake kikatoka kizima kinafanana na chembe kuliko wimbi, kwa hiyo waliwapa jina lenye mwisho kama wa elektroni na protoni: solitoni. Mimi naona tusiache neno lolote kati ya haya mawili. Kila solitoni ni wimbi pweke. Si kila wimbi pweke lililothibitika kuwa solitoni.

Sasa turudi kwenye nuru. Uzi wa kioo upelekao habari, ambao Watanzania huuita mkongo na vijana wa Nairobi huuita faiba, ni mfereji wa nuru. Habari huenda kwa mipigo, yaani nuru ya kitambo kifupi mno, kisha giza, kisha nuru. Kila mpigo una rangi kadhaa ndani yake zilizo karibu karibu, na katika kioo rangi hazilingani mwendo. Mpigo hutandazika njiani, hata mwishowe humwingilia aliye mbele yake, na msomaji wa upande wa pili hawezi kujua kama aliandikiwa moja au mbili. Ni mtawanyiko ule ule wa mfereji.

Kukosa uwiano kumo pia. Mwaka 1875 John Kerr, ambaye alikuwa mwalimu katika chuo cha ualimu mjini Glasgow, aligundua kwamba kioo kikitiwa nguvu za umeme hubadili namna kipitishavyo nuru. Nuru kali yenyewe ni umeme unaotikisika, basi yaweza kukibadili kioo inamopita: panapokuwa na nuru nyingi, kioo huichelewesha nuru kidogo sana. Matokeo ya uchache huo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, nami sitaiharakisha.

Fikirini watu waendao kwa mstari mmoja, hatua sawa, wakaingia mahali ambapo tope linazidi dakika kwa dakika. Kila anayefika hukuta tope zito kuliko alilolikuta mwenzake wa mbele, kwa hiyo huchelewa zaidi, na nafasi kati yao hupanuka. Mvua ikikatika, tope likaanza kukauka, kila anayekuja hukuta njia rahisi kuliko aliyetangulia, naye humkaribia. Vilele vya mawimbi ndani ya mpigo wa nuru hufanya vivyo hivyo. Katika nusu ya mbele ya mpigo nuru inazidi ukali, tope linaongezeka, vilele huachana: urefu wa wimbi hukua, rangi huelekea wekundu. Katika nusu ya nyuma ukali unapungua, vilele hubanana, rangi huelekea buluu. (Nasema wekundu na buluu kwa kulinganisha tu, nuru ya mkongo yote haionekani.) Mpigo mmoja, wenye rangi moja ulipoingia, sasa una kichwa chekundu na mkia wa buluu, wala hapana aliyeupaka rangi ila ukali wake wenyewe.

Sasa itokee kwamba katika kioo hicho nyekundu huenda polepole na buluu huenda kasi. Ndivyo ilivyo katika kioo cha mkongo kwa nuru yenye urefu wa wimbi uzidio mikromita 1.3 hivi. Kichwa chekundu huchelewa, mkia wa buluu huharakisha, na mpigo uliotaka kutandazika hujikusanya. Mahali pa maji yaliyoinuka pana ukali wa nuru, na mahali pa mfereji pana uzi mwembamba kama unywele, lakini mapatano ni yale yale. Akira Hasegawa na Frederick Tappert, waliokuwa katika maabara za Bell huko Marekani, walilitabiri jambo hili mwaka 1973. Miaka saba ilipita kabla ya kuonekana, kwa kuwa zilihitajika nyuzi safi na leza ya urefu wa wimbi unaofaa. Mwaka 1980 Linn Mollenauer, Roger Stolen na James Gordon walipeleka mipigo ya sehemu 7 za trilioni za sekunde katika uzi wa mita 700, nao wakaiona ikitoka bila kutandazika, na ikiongezwa nguvu ikatoka imebanwa zaidi.

Hapo ndipo nilipoona kwamba maswali mawili ya mwenzangu yalikuwa swali moja, na nadhani yeye alilijua hilo tangu mwanzo. Nuru ya kalamu hubadili rangi ikatoka nje ikiwa nuru nyingine. Nuru ya solitoni hubadili rangi ndani yake yenyewe, kidogo tu, na badiliko hilo ndilo linaloishika isitawanyike.

Jambo halikuishia hapo. Mwaka 1986 Mollenauer na Fedor Mitschke waliona kwamba solitoni fupi sana, kadiri iendavyo, huzidi kuelekea wekundu. Atomu za kioo hutikisika nuru inapopita, nazo huhamisha nguvu kutoka upande wa buluu wa mpigo hadi upande wake mwekundu. Solitoni hujilisha kwa kujila. Hali hii ina jina refu kwa Kiingereza, nami nilihangaika nalo siku kadhaa hata nilipopita sokoni nikaona nyanya zilizopangwa kwa mafungu, mabichi huku, mekundu huku. Nikaandika: solitoni huiva. Mwenzangu aliposoma alicheka, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Hili nitalichukua." Sikumwuliza kama ahadi yake ya kambini na sokoni bado ipo.

Yafaa niseme ukweli kuhusu matumizi, kwa maana makala za sayansi aghalabu huahidi kupita kiasi. Mwaka 1988 Mollenauer na Kevin Smith walizungusha solitoni katika nyuzi kwa zaidi ya kilomita 4,000, na ilidhaniwa kwamba mikongo ya baharini yote itazitumia. Haikuwa hivyo. Vilipatikana vikuza nuru vizuri, ikajulikana namna ya kupeleka rangi nyingi pamoja katika uzi mmoja na kuurekebisha mtawanyiko kwa njia nyingine, na mifumo mingi ya biashara ikaishika njia hiyo. Mikongo ya SEACOM na TEAMS ilipofika Mombasa mwaka 2009, ambako ndiko habari nyingi za Kampala hupitia, haikuja kwa sifa ya solitoni. Solitoni zimepata kazi kwingineko. Mwaka 2014 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walionyesha solitoni inayozunguka ndani ya pete ndogo ya fuwele, ikilishwa na leza ya rangi moja tu. Kila izungukapo hutoa kipande chake nje, na nuru itokayo huwa na rangi nyingi zilizopangwa kwa hatua sawasawa, kama meno ya kitana. Kwa kitana hicho hupimwa wakati, umbali na rangi za nyota.

Russell mwenyewe hakuiona hata moja ya nyuzi hizi, lakini waya za baharini aliziona. Meli kubwa iliyoitwa Great Eastern ilijengwa katika karakana yake kandokando ya mto Thames na kushushwa majini mwaka 1858, na mwaka 1866 ndiyo iliyotandaza waya wa telegrafu kuvuka Atlantiki. Miaka kumi na mitatu baadaye waya wa namna hiyo ulifika Zanzibar kutoka Aden.

Mnamo Julai 1995 wanasayansi waliokutana katika Chuo Kikuu cha Heriot-Watt, Edinburgh, walikwenda kwenye ule mfereji na mashua, wakaizalisha tena ile ajabu ya mwaka 1834, mahali ambapo mfereji hupita juu ya daraja la maji lililopewa jina la Russell. Picha zao zipo: kilima laini cha maji kikitangulia mbele ya omo, na watu ukingoni wamekinyoshea vidole. Chini ya njia ya farasi waliyosimama juu yake umezikwa mkongo wa nuru uendao kati ya Edinburgh na Glasgow.